Mwandishi wa Mfalme na Tarehe ya Kilwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Tunamshukuru Allah Subhanahu wa Taala aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, na tunamswalia Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, pamoja na ahali zake na sahaba zake.

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu katika imani, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii Swala wala Saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu deni na namna ya kuliandika. Imeamrishwa humo kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu, na kwamba anayemsomea maneno ya kuandika awe ni yule anayedaiwa. Kisha, kwa tafsiri iliyo mashuhuri, pamekatazwa kumdhuru mwandishi au shahidi.

Usiku huu tunaitazama tarehe ya pwani yetu kwa nuru ya aya hiyo, kwa sababu katika tarehe za wafalme mambo huenda kinyume. Anayesoma maneno ni mwenye nguvu, na mwandishi hula chakula chake.

Miongoni mwa vitabu vikongwe juu ya mji wa Waswahili ni Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, kilichotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Mtungaji wake ametueleza kwamba alizaliwa mwaka 904 Hijria, sawa na 1499 Miladia, lakini jina lake halikutufikia. Alikusudia milango kumi; tulio nayo ni saba. Nuskha iliyobaki ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19, na Sayyid Barghash akampa John Kirk, balozi wa Kiingereza. Tangu 1883 imo London, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya taifa iliyo baina ya Euston na King's Cross, ambako wengi wetu hupita kwa basi alfajiri tukienda kazini.

Ipo riwaya ya pili. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505 walipata khabari za wafalme wake, na João de Barros akazitia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Basi tarehe moja ya mji mmoja imetufikia kwa njia mbili, nazo hazikubaliani tangu mwanzo.

Riwaya ya Kiarabu inasema kwamba mfalme wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji, akafahamu kwamba nchi yake itaharibika. Akasafiri na wanawe sita kwa majahazi saba, kila jahazi likatua mahali pake: moja Mombasa, jingine Pemba, jingine Kilwa, jingine Nzuwani. Riwaya ya Barros inasema kwamba Ali, mwanzilishi wa Kilwa, alihama kwa kuwa ndugu zake walimdharau, maana mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Katika nuskha ya Kiarabu mama huyo hatajwi hata kwa neno moja.

Hapa ndipo tunapopaswa kutulia. Hatudai kwamba riwaya ya Mreno ndiyo ya kweli. Naye alikuwa mwandishi wa dola, tena dola iliyoupora mji ule. Lakini ni jambo la kuzingatia kwamba ndoto ya panya imehifadhiwa na mama amepotea. Ndoto haimpunguzii mfalme heshima yake. Ugomvi wa nasaba, nani Mshirazi, nani Mwarabu, nani Mswahili, ambao bado unavunja posa na kutia baridi barazani mwetu, umelishwa sana na kurasa za namna hii.

Huyo Ali mwenyewe hakuwa ngano tupu. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimeonekana Kilwa, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za karne ya 11 zilizosaidia kuipima miaka yake. Sarafu nayo husema alitakalo mfalme, ila haiongezwi maneno baada ya kuzikwa.

Pate nako kuna tarehe ya Manabahani, iliyosimuliwa na Bwana Kitini na kuchapwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nuskha zinazopishana. Humo wafalme wa Pate wameteka karibu pwani nzima. Miji iliyotajwa kuwa imetekwa haikumbuki hivyo.

Hata hivyo tusimdhulumu mwandishi wetu wa Kilwa. Alipofika kwenye meli za Vasco da Gama, zilizopita mwaka 1498, alieleza kwamba mtawala wa Mafia alifurahi akidhani wageni ni watu wema, na wenye kuwajua wakasema kuwa ni wafisadi waliokuja kuipeleleza nchi. Angaliweza kuandika kwamba kila mtu alitambua hatari tangu siku ya kwanza. Hakufanya hivyo. Kwetu sisi sentensi hiyo ina thamani kuliko orodha nzima ya masultani, kwani ni ushahidi dhidi ya watu wake mwenyewe, kama ilivyoagizwa katika aya ya 135 ya Suratun Nisaa.

Sisi nasi sasa tunaandika. Jumuiya imefungua daftari la familia zilizofika nchi hii, na baada ya Tarawehe wazee wataendelea kusimulia, kila riwaya ikiandikwa pamoja na jina la aliyeisimulia na la aliyemsimulia yeye. Riwaya mbili zikipingana, zote mbili zitaandikwa. Karatasi za nasaba zije kwa nakala, asili zibaki nyumbani. Na katika kila ukurasa tumeacha mstari wa jina la mama na mji wake. Kurasa nyingi zilizorudi wiki iliyopita mstari huo ulikuwa mtupu, nazo tumezirudisha kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.