Kutoa upepo kwenye breki: Kifaa kipi kinafaa nyumbani?

BREKI za gari zikiingiwa na upepo, pedeli hulegea na dereva hulazimika kuikanyaga mara kadhaa kabla ya gari kupunguza mwendo. Katika barabara inayotoka Kitale, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kuteremka hadi Bungoma, karibu mita 1,400, kupitia Kiminini na Webuye, hitilafu hiyo si ya kupuuzwa, hasa gari linapokuwa limesheheni magunia ya mahindi.

Mafuta ya breki hayabanwi, ilhali hewa hubanwa. Hivyo basi, nguvu ya mguu huishia kuibana hewa badala ya kusukuma pedi. Isitoshe, mafuta hayo hufyonza unyevu. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4, viwango ni 230 na 155. Yanapochemka mteremkoni hutoa mvuke, nao hubanwa kama hewa.

Vifaa vya kutoa upepo huo ni vya aina nne.

Mpira na chupa: Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huvikwa kwenye nipo ya gurudumu, ncha ya pili ikazamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi hukanyaga pedeli na kuishikilia. Nipo hulegezwa, kisha hukazwa kabla ya pedeli kuachiliwa. Gharama ni ndogo, ila katika gari kuukuu pedeli isikanyagwe hadi sakafuni, kwani mipira ya silinda kuu huenda ikachanika.

Mpira wenye valvu: Valvu hupitisha mafuta upande mmoja tu, hivyo mtu mmoja anaweza kufanya kazi peke yake. Ikiingia uchafu, hewa hurudi ndani.

Pampu ya kufyonza: Huendeshwa kwa mkono na haihitaji msaidizi. Kasoro yake ni kwamba hewa hupenya kwenye meno ya nipo iliyolegezwa, mapovu yakaendelea kuonekana hata baada ya bomba kusafika.

Pampu ya shinikizo: Hufungwa juu ya kopo la mafuta ya breki na kusukuma mafuta kwa shinikizo la pauni 10 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Ni ya haraka, lakini kifuniko chake sharti kilingane na gari husika. Humfaa zaidi fundi anayehudumia magari mengi.

Kwa mwenye gari moja, mpira na chupa vyatosha maadamu ana msaidizi makini. Akiwa peke yake, achague wenye valvu. Fedha atakazookoa zinunue spana ya duara inayoishika nipo barabara, kwani spana ya mdomo wazi huila pembe zake, pamoja na mkebe wa mafuta ambao haujafunguliwa, wa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Mafuta ya kupimiwa kutoka mkebe uliokaa wazi huenda tayari yamefyonza maji.

Kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Gari liegemee stendi imara, wala si jeki pekee, na kopo lisiachwe likauke. Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe, na yakimwagikia rangi yaoshwe mara moja kwa maji.

Iwapo pedeli itaendelea kuzama ikishikiliwa, huenda kuna mvujo au silinda kuu imechakaa, na hakuna pampu itakayoponya hayo. Vilevile, hewa ikiingia katika mtambo wa ABS, baadhi ya magari huhitaji kompyuta ya fundi. Gari la namna hiyo lisiteremke kuelekea Webuye kabla ya kukaguliwa.