Fimbo yenye upanga ndani, na fimbo ya mzee wa Masisi

Huko Muheto, katika teritwari ya Masisi, fimbo inaonekana kila siku. Mchungaji anaishika nyuma ya ng'ombe, mzee anaitegemea kwenye mteremko wenye matope, na mkubwa wa kijiji anasimama nayo akitaka kuongea. Ni mti mmoja tu, kuanzia juu hadi chini. Lakini duniani kuna fimbo ya namna nyingine: imetobolewa ndani, na humo umefichwa upanga mwembamba. Ukiiona kwa mbali utafikiri ni ya babu yeyote.

Fimbo hiyo ilipendwa sana Ulaya katika miaka ya 1700 na 1800. Watu wenye mali walikuwa wameacha kidogo kidogo kutembea na upanga kiunoni, maana desturi ilibadilika. Hata hivyo, usiku njia za miji zilikuwa na wezi, na mtu aliyezoea silaha hakutaka kuiacha nyumbani. Mafundi wakaiingiza ndani ya fimbo. Huko Japani, mwaka 1876 serikali ilikataza watu kubeba upanga hadharani, na upanga wa kufichwa ndani ya fimbo ulijulikana huko pia. Wahindi wanao wa kwao, wanauita gupti. Uingereza ilikataza kuuza fimbo za namna hiyo mwaka 1988, isipokuwa zile za kale zilizopita miaka 100.

Ukitazama vizuri, utaona fimbo hii inapata wanunuzi pale ambapo silaha imekatazwa au inaleta haya ikionekana. Huko Omani mwanaume anavaa jambia kiunoni wazi kwenye sherehe, na mkononi ana fimbo nyembamba. Kila kitu kiko mahali pake. Masisi nako, mupanga unakwenda shambani mkononi, mbele ya watu wote: kukata majani ya ng'ombe, kufyeka, kupasua kuni. Fundi angejisumbua nini kuficha kitu ambacho jirani zake wote wanakibeba wazi?

Na usumbufu wenyewe si mdogo. Lazima mti utobolewe katikati, au upasuliwe vipande viwili, uchimbwe, kisha ugandishwe tena. Chuma lazima kiwe chembamba na kinyooke sawasawa na mti. Chini ya mshikio kunawekwa pete ya chuma au shaba ili kuficha mahali fimbo inapofunguka. Mti uliotobolewa hauna nguvu ya mti mzima, na mzee mwenye goti bovu akiuegemea kwenye mteremko unaweza kuvunjika. Mvua ikinyesha, na Masisi inanyesha kweli, mti unavimba, chuma kinashika kutu, upanga unakwama ndani. Basi kama fimbo ya kutembelea, ni fimbo mbaya. Fundi mwenye sifa anaweza kuitengeneza ili aonyeshe ujuzi wake, lakini mguu wa tatu wa mzee hauwezi kuwa huo.

Fimbo ya Masisi ina historia nyingine, ya ng'ombe na ya udongo. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliwaleta watu karibu 85,000 kutoka Rwanda, wengi wafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Baadaye, sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilifungulia wakubwa njia ya kupata mashamba makubwa, na vilima vingi vikageuka malisho. Hapo fimbo ya mchungaji ilionekana kila upande, na ugomvi wa ardhi pia. Miaka ileile Mobutu alikuwa akitembea na fimbo yake ya kuchongwa, na watu walisimulia kwamba ina nguvu za ajabu. Haikuhitaji upanga ndani. Wenye silaha walikuwa wamesimama nyuma yake.

Tarehe 20 Machi 1993, watu walishambuliwa kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na vita vikafika Masisi. Maelfu walikufa, wengi kwa mapanga na mikuki. Vyombo vya kazi za shamba vikawa vyombo vya kuulia watu. Tangu wakati huo, kijana akikutwa njiani na mupanga mahali ambapo hapana shamba, anaulizwa unaenda wapi na wewe ni wa nani.

Mzee mwenye fimbo bado ana bahati ya kupita. Katika misururu ya waliohama makwao, fimbo ni kati ya vitu vichache anavyotoka navyo, pamoja na blanketi na bidoni, na anayesimama kwenye bariyeri anaitazama kama mguu wa mtu. Inatosha fimbo moja ikutwe na chuma ndani, na zote zitaanza kuvunjwa ili zichunguzwe, pamoja na ile ya mama mzee asiyeweza kutembea hatua kumi bila kuegemea kitu. Kwa sababu hiyo, fundi anayeletewa mti wa kuchonga leo, hata kama mteja ana pesa na anataka urembo, afadhali aache mshikio na shina viwe kipande kimoja, bila pete yoyote pale juu, ili anayekagua aone kwa macho kwamba hakuna mahali pa kufungukia.