Muziki unaobeba huzuni ya michezo ya video ya Japani

KATIKA mchezo wa video wa Final Fantasy VII, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997, mchezaji humpoteza Aerith, msichana muuza maua aliyesafiri naye kwa saa nyingi. Hakuna silaha wala ustadi unaoweza kumwokoa.

Pambano huanza papo hapo, lakini muziki wa kawaida wa vita hausikiki. Wimbo wa Aerith huendelea, na mchezaji hulazimika kupigana huku akiomboleza.

Mtunzi wake, Nobuo Uematsu, aliyezaliwa Kochi mwaka 1959, alijifunza kinanda mwenyewe. Alipotunga muziki wa toleo la kwanza, mwaka 1987, mashine ya Famicom ilitoa sauti chache tu kwa wakati mmoja. Tuni zilipaswa kuwa fupi na zenye kurudiwa bila kuchosha.

Marudio hayo ndiyo huzifanya zidumu moyoni. Julai 23, 2021, wanamichezo walipoanza kuingia katika uwanja wa Olimpiki jijini Tokyo, ulipigwa muziki wa Dragon Quest, mchezo wa mwaka 1986 ambao muziki wake ulitungwa na Koichi Sugiyama. Kwa walioucheza utotoni, hiyo ilikuwa kumbukumbu ya safari waliyowahi kuisafiri.