Mwenyeji: istilahi inayojibu swali la nyama

Katika biolojia, mwenyeji ni kiumbe ambaye kimelea huishi ndani au juu ya mwili wake na kupata riziki kwake. Fasili nyingi huishia hapo. Lakini mkazi wa Niboye, wilayani Kicukiro jijini Kigali, aliyeshika kipande cha nyama chenye vidoa vyeupe akijiuliza ale au atupe, hasaidiwi na fasili hiyo peke yake. Anahitaji kujua jambo moja zaidi: ni mwenyeji wa aina gani?

Tuanze na bata mwitu, maana ndiye anayetisha zaidi kwa macho. Wawindaji wa Marekani na wa kaskazini mwa Ulaya humchuna bata wakakuta minofu ya kifua imejaa punje nyeupe mithili ya mchele, zimelala sambamba na nyuzi za nyama, nyingine zikikaribia urefu wa sentimita moja. Si mayai wala si minyoo. Kila punje ni kifuko kilichosheheni vijidudu vya seli moja visivyoonekana bila hadubini. Kimelea chenyewe, Sarcocystis rileyi, kilielezwa kisayansi mwaka 1893. Miongoni mwa bata wanaopatwa nacho wamo wale wenye mkia uliochongoka (Anas acuta), ambao kila mwaka hukimbia baridi ya kaskazini na kufika hadi maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya.

Kwa muda mrefu haikufahamika vijidudu hivyo vinatoka wapi. Mwaka 1972 ndipo ilipothibitika kwamba vimelea wa jamii ya Sarcocystis huhitaji wanyama wawili, mmoja anayeliwa na mwingine anayemla. Kwa rileyi, mlaji ni skanki huko Marekani, na mbweha mwekundu ni mmoja wa walaji huko Ulaya. Mbweha akimla bata, kimelea huzaana katika utumbo wake na kutoka na kinyesi. Kinyesi huchafua maji na majani, bata mwingine huyameza, punje zikaanza upya kifuani. Binadamu hayumo katika mzunguko huo. Bata mwenye punje akipikwa hadi aive kabisa hana madhara kwa mlaji, ingawa wengi humtupa kwa kinyaa. Anayemtupa afadhali amfukie, kwa sababu mzoga ulioachwa kichakani ni karamu ya mbweha, na mbweha ndiye anayesubiriwa na kimelea.

Hapo ndipo istilahi inapogawanyika. Mnyama ambaye kimelea hukua au kugawanyika ndani yake bila kufika hatua ya kujamiiana ni mwenyeji wa kati. Bata ni wa kati. Yule ambaye dume na jike la kimelea hukutana ndani yake ana cheo kingine, na tafsiri inayokuja upesi kalamuni ni “mwenyeji wa mwisho”. Mimi naikataa. Kwanza, mzunguko hauna mwisho. Pili, msomaji wa Kiswahili akisikia “wa mwisho” atadhani ni mahali safari inapokatika, na wenyeji wa namna hiyo wapo kweli. Nao wanastahili jina lao. Napendekeza tuseme mwenyeji mkuu kwa yule wa uzazi, mwenyeji wa kati kwa yule wa njiani, na mwenyeji wa kikomo kwa yule ambaye kimelea kikimwingia hakina pa kutokea tena.

Malaria inaonyesha kwa nini majina haya yanahitaji uangalifu. Sisi tunaougua hujiona ndio wakuu, lakini vimelea vya malaria hujamiiana ndani ya mbu. Mbu ndiye mwenyeji mkuu, mtu ni wa kati. Ukuu huu haupimwi kwa ukubwa wa mwili wala kwa ukali wa homa.

Wapo wanaosita kulitumia neno mwenyeji lenyewe, kwa kuwa lina harufu ya ukarimu. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni akija mwenyeji huugua. Hata hivyo, neno mbadala, mbebaji, lina kasoro kubwa zaidi: linamchanganya anayefuga kimelea mwilini na anayekisafirisha tu, kama nzi anayetua chooni kisha mezani. Tubaki na mwenyeji.

Sasa turudi Niboye. Bata mwitu hafiki kwa urahisi kwenye sahani za Kigali. Katika kinamasi cha Nyandungu, kilichofunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya umma, ndege wa majini ni wa kutazamwa, na kuwinda bila kibali ni kosa. Kinachofika mezani jioni ni akabenzi, nyama ya nguruwe iliyochomwa, pamoja na ndizi na pilipili. Nguruwe naye ana punje zake.

Za nguruwe ni vifuko vya maji vyenye ukubwa wa milimita tano hadi kumi, na ndani ya kila kimoja huonekana kidoa cheupe: kichwa cha tegu, Taenia solium. Vijijini, mnunuzi mzoefu humlaza nguruwe chini, humpanua mdomo kwa kijiti, huvuta ulimi na kuupapasa upande wa chini. Akigusa vijivimbe, hushusha bei au huondoka. Asipogusa kitu, bado hana uhakika, kwa maana mnyama mwenye vifuko vichache huweza kupita mtihani huo.

Anayekula kifuko hicho kikiwa hai katika nyama isiyoiva huota tegu tumboni, mnyoo wa mita mbili hadi saba. Nchini Rwanda mnyoo huyu huitwa teniya. Huyo mtu ni mwenyeji mkuu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, na mtu mwingine akiyala kupitia mikono michafu, maji au mboga mbichi, vifuko huota katika misuli yake, machoni, hata ubongoni. Huyu wa pili ni mwenyeji wa kikomo, na huenda hajagusa nguruwe maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu ameenea, takriban asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kusini mwa Rwanda ulikuta maambukizi hayo ni ya kawaida miongoni mwa wenye kifafa.

Punje mbili nyeupe, basi, hukumu mbili. Ya bata hatuna nafasi katika mzunguko wake. Ya nguruwe tuna nafasi mbili. Nguruwe mwenye vifuko aachiwe daktari wa mifugo, na akabenzi ichomwe mpaka katikati pasiwe pekundu. Bata naye, wa porini au wa kufugwa, apikwe mpaka joto la ndani lifike nyuzi 74 za Selsiasi, kwa kuwa anaweza kuwa na toksoplasma, kimelea ambacho vifuko vyake havionekani kwa macho na ambacho humfanya binadamu mwenyeji wa kati kama bata mwenyewe. Na choo kinachotumika vizuri pamoja na sabuni ya mikono humlinda hata asiyekula nyama kabisa.