Nyama, mafuta na miguu mizito: safari ya Luteni Schwatka, 1879

Mtu aliyezoea bugali kila siku akiacha ghafla vyakula vya unga, siku ya tatu akipanda mlima magoti yanalegea. Kichwa kinazunguka, pumzi inakata. Wengi wanaachia hapo, wakisema mwili umekataa. Kumbe hali hiyo iliandikwa zamani, na mtu aliyekuwa mbali sana na sisi, katikati ya barafu.

Tarehe 1 Aprili 1879, Luteni Frederick Schwatka wa jeshi la Marekani, aliyesomea pia udaktari, aliondoka pwani ya Hudson Bay, kaskazini mwa Kanada. Alitafuta mabaki ya msafara wa Mwingereza John Franklin, ulioanza mwaka 1845 na ambao watu wake 129 hawakurudi. Mwenzake mmoja, William Henry Gilder, aliandikia gazeti la New York Herald, lile lile lililomtuma Stanley kumtafuta Livingstone, mbele Stanley hajafika kwenye mto Kongo.

Franklin alibeba chakula cha makopo cha miaka. Schwatka alibeba chakula cha karibu mwezi mmoja tu, kwa safari iliyochukua karibu mwaka mzima. Kingine chote kilikuwa mawindo: kulungu wa nchi za baridi, samaki, sili na mafuta yake. Wainuit waliotembea naye, pamoja na wake na watoto wao, walikula hivyo tangu kuzaliwa. Wazungu wanne ndio walipaswa kujifunza.

Katika kitabu chake cha safari, kilichochapishwa mwaka 1965, Schwatka anaeleza kwamba mtu akianza kula nyama ya kulungu peke yake anaona kama haimtoshi, na nguvu za kutembea safari ngumu zinapungua. Anasema udhaifu huo unapita baada ya wiki mbili au tatu. Hakuwa na maabara. Alikuwa na miguu yake na ya wenzake.

Sababu zake tunazijua leo. Akiba ya sukari ya mwili inakaa katika ini na misuli, pamoja na maji. Ikiisha, maji yanatoka kwa mkojo na kubeba chumvi, ndiyo maana kichwa kinazunguka. Wakati huo ini linaanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na misuli inajifunza polepole kuchoma mafuta. (Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asijaribu hivi bila daktari: sukari yake inaweza kuanguka vibaya.)

Mwaka 1980 daktari Mmarekani Stephen Phinney alichapisha kipimo kilichofanana na safari ile. Watu sita wanene walitembea juu ya mashine mpaka kuchoka. Kabla ya kubadilisha chakula walidumu wastani wa dakika 168. Baada ya wiki moja bila vyakula vya wanga, 130 tu. Kama kipimo kingeishia hapo, jibu lingekuwa baya. Lakini wiki ya sita walifika 249, tena wakibeba mgongoni mzigo wa uzito uleule waliokuwa wamepunguza. Mwaka 1983 alirudia na waendesha baiskeli watano wenye mazoezi, akiwaongezea chumvi na madini mengine: dakika 147 mbele, 151 baada ya wiki nne. Hiyo ni wastani; kati yao wengine walidumu zaidi sana na wengine walichoka mapema kuliko mwanzo.

Mafuta yenyewe ni lazima. Mwaka 1928, katika hospitali ya Bellevue mjini New York, msafiri Vilhjalmur Stefansson alikula nyama isiyo na mafuta na kuugua baada ya siku chache. Walipomrudishia mafuta, alipona.

Mbio za kasi ni habari nyingine. Mwaka 2017 Louise Burke wa Australia alitangaza matokeo ya watembeaji wa mashindano: baada ya wiki tatu bila wanga, walichoma mafuta mengi kweli, lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule. Katika kilomita 10 hawakupata maendeleo, na wenzao waliokula wanga walipunguza muda wao.

Schwatka hakushindana na mtu. Alirudi Hudson Bay Machi 1880, baada ya kilomita zaidi ya 5,200, na wenzake watatu wakiwa hai.