Nani Apite Kwanza Msamvu?

Kiswahili chetu kimehifadhi amri moja ya Mwingereza bila wengi wetu kuitambua. Mzunguko wa barabara tunauita kipilefti, na jina hilo si la mzunguko wenyewe bali ni la bango lililomwamuru dereva ashike kushoto. Tulichukua maneno ya bango. Kanuni iliyofuatana nayo tukaiacha njiani. Kanuni hiyo inamtaka anayeingia kwenye mzunguko ampishe aliyekwisha kuingia, yaani anayemjia kutoka kulia. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu ni nani mwenye haki ya kutangulia pale Msamvu, barabara ya Dodoma inapoachana na ile ya Iringa. Jibu lilitoka viti vya nyuma: "Lori, Mwalimu." Darasa likacheka. Mimi nililipokea kama jibu la historia, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Reli ya Wajerumani iliufikia mji wa Morogoro mwaka 1907. Malori ya masafa marefu yalikuja kwa wingi miaka mingi baadaye, na yalikuja kwa kishindo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea njia ya kusini kwa mafuta yake, ikabanwa. Mafuta yakaanza kusafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa malori, katika barabara iliyokuwa ya vumbi na tope kwa sehemu kubwa, hata ikaitwa Mbio za Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata katika miaka ya 1970, na barabara yenyewe ikawekwa lami. Ilikuwa kazi ya ukombozi nami siibezi hata kidogo. Hata hivyo, barabara ile ilijengwa kwa ajili ya kufika mbali. Mikese, Morogoro, Doma na Mikumi ilikuwa sehemu za kupitia tu.

Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya 1973, haikumpendelea mwenye lori. Iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari mazito na ya abiria. Ilimtaka dereva ampishe mwenda kwa miguu aliye kwenye kivuko. Wengi wetu tunazisoma kanuni hizi kama mambo mawili tofauti, mwendo upande mmoja na kupishana upande mwingine, ilhali ya pili haiwezi kusimama bila ya kwanza. Chukua Sangasanga, mahali barabara ya Mgeta inapotokea kwenye barabara kuu. Gari lililosheheni mboga kutoka milima ya Uluguru linawajibika kusubiri, na hilo ni haki kabisa. Lakini dereva wake huamua kuingia kwa kukisia mwendo wa anayekuja. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari husogea mita 14 hivi kila sekunde. Kwa kilomita 80, mita 22. Katika sekunde tano anazohitaji kuvuka, tofauti ni zaidi ya mita 40. Anayekiuka kikomo cha mwendo humnyang'anya mwenzake uwezo wa kutii kanuni ya kupisha, kisha ajali ikitokea husemwa kwamba wa Mgeta ndiye aliyeingia ovyo.

Mara mbili barabara za Morogoro zimelifanya taifa zima kusimama, na mara zote mbili tuliishia kuzungumza jambo jingine.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Pale Dakawa gari lake liligongana na Land Cruiser iliyoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo kilichopo hapa mjini kikapewa jina lake. Tangu hapo tetesi hazijakoma, na kila kizazi cha wanafunzi hunijia na toleo lake la njama. Sina la kuongeza katika tetesi hizo. Ninachoshangaa ni swali ambalo sijawahi kuulizwa: msafara wa kiongozi uende kwa mwendo gani, na anayekuja kutoka mbele aonywe akiwa umbali gani? Sheria hututaka tusogee pembeni gari lenye king'ora likija. Kusogea kunahitaji muda.

Asubuhi ya Jumamosi, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya Msamvu. Taarifa za siku ile zilieleza kwamba dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu waliyakimbilia mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha, pamoja na waliofariki baadaye hospitalini, walizidi 100. Wengi wamelala makaburi ya Kola. Zikatangazwa siku tatu za maombolezo, kisha yakaanza mahubiri kuhusu tamaa, na majibu ya mahubiri hayo kuhusu umaskini. Mjadala wote ulianzia pale lori lilipokwisha kulala ubavu. Dakika iliyotangulia, ya lori na pikipiki kugombea lami moja, haikupata msemaji. Pikipiki ziliruhusiwa rasmi kubeba abiria kwa malipo kwa kanuni za mwaka 2010, zikaingizwa katika barabara iliyokwisha kuzoea malori ya mafuta kwa zaidi ya miaka arobaini, bila kupewa njia yao.

Nenda sasa Mikumi. Barabara hiyohiyo hupita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na huko mwendo hupunguzwa kwa matuta na mabango. Lipo hata bango linaloorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja, kwa dola za Marekani, pundamilia akiwemo. Madereva ninaosafiri nao hupunguza mwendo hapo bila kuambiwa. Sisemi kwamba uhai wa mtu uwekewe bei. Kusababisha kifo barabarani ni kosa la jinai na mahakama zipo. Nasema tu kwamba Mikumi dereva husoma gharama kabla ya tendo. Mjini, pundamilia wa rangi nyeupe aliyechorwa kwenye lami hana bango, na mara nyingi hana hata rangi, na aliyezidisha mwendo akikamatwa hulipa shilingi 30,000 akaendelea na safari.

Kwa nini Mikumi iliwezekana? Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina mwenyewe anayeidai barabara ipunguze kasi. Msamvu hali ni nyingine. Barabara kuu iko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Manispaa ina shule, soko na wapiga kura, lakini haina lami ile. Mzazi anayetaka tuta mbele ya shule humwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humwendea diwani, na diwani hurudi na jibu kwamba barabara si yao. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua barua ya namna hiyo hukaa kwenye meza ya nani. Mtaje, tumwandikie.