Figo zinapokosa damu: dawa ya kingamwili na la kufanya ukiwa Ggaba

Figo huchuja damu mchana na usiku. Damu ikipungua ghafla mwilini, figo hukosa oksijeni na chembe zake huanza kufa. Visababishi tunavijua sote: kuhara na kutapika sana, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, ajali ya bodaboda, malaria kali.

Wengi hawajui kwamba madhara huendelea hata damu ikisharudi. Chembe nyeupe za damu hukimbilia figo iliyoumia, hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuiziba. Mwaka 1994 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba kingamwili inayofunika sehemu ambayo chembe hizo hushikilia, iitwayo ICAM-1, ililinda figo za panya.

Kwa binadamu mambo yalikuwa tofauti. Huko Ulaya ilijaribiwa kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, kwa kuwa figo ya kupandikizwa nayo hukaa saa kadhaa bila damu. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa haikuwasaidia. Kingamwili nyingine, eculizumab, nayo haikufikia lengo katika majaribio ya aina hiyo. Labda sababu moja ni muda: kwenye maabara mtafiti anajua dakika damu ilipokatika, lakini mgonjwa hufika hospitalini akiwa ameumwa siku mbili. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia sindano ya "kingamwili ya figo", usimpe pesa yako.

Kinachookoa figo ni kurudisha maji au damu mapema. Mtu akianza kuhara, mpe ORS: pakiti moja kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Huna pakiti? Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usimpe diclofenac wala ibuprofen, hata kama duka la dawa linaziuza bila kuuliza. Dawa za mitishamba pia ziache. Baadhi huumiza figo.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo akikojoa kidogo sana au asipokojoa kabisa, akivimba miguu au uso, akipumua kwa shida au akichanganyikiwa. Mama anayetokwa na damu nyingi asisubiri hata kidogo.

Wagonjwa wa figo hutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu, iliyo katika Divisheni ya Makindye kama Ggaba, na huko kuna mashine za kusafisha damu. Figo ikiwahi kutibiwa, mara nyingi hupona na mashine haihitajiki tena. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya kuomba hifadhi, lakini usibaki nyumbani kwa sababu huna. Kama husemi Kiganda wala Kiingereza, nenda na jirani anayekisema, aeleze ni lini mgonjwa alikojoa mara ya mwisho na dawa gani amekunywa.